Mwenye Timu na Meneja: Nani Ana Neno la Mwisho?

SOMO LA VIKUNDI



Katika vikundi vyetu hapa Kawangware na Kibera kuna ugomvi mmoja ambao hurudi kila mara, hata kama unabadilisha nguo. Mradi umeanzishwa, pesa zimechangwa, na mtu amewekwa auendeshe. Siku za kwanza mambo ni mazuri. Baada ya miezi sita maneno yanaanza. Wenye mradi wanasema, "Huyu tulimweka sisi, sasa anajiona ati ndiye mwenye mali." Naye msimamizi anasema, "Nimepewa kazi lakini sipewi nafasi ya kuifanya." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mwisho wake kioski cha maji kinafungwa, kinu cha posho kinakaa bila mkanda, timu ya vijana inagawanyika mara mbili, na kila mtu anarudi nyumbani na hasira zake.

Tumechagua kujifunza jambo hili kwa kutazama timu za michezo. Kwa nini timu? Kwa sababu ugomvi wa kikundi hufichwa, lakini ugomvi wa timu kubwa huanikwa kwenye magazeti na redio. Tena matokeo yake yanahesabika: mechi, vikombe na miaka. Tunaweza kuusoma pole pole bila kumwaibisha jirani.

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kila kikundi kiweze kuandika kwenye karatasi moja ni mambo gani yanaamuliwa na wenye mali, ni yapi yanaamuliwa na msimamizi, na ni siku gani msimamizi atatoa hesabu.

Somo hili ni refu kidogo. Mnaweza kulisoma katika mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mzungumze.

1. WATU WATATU KATIKA TIMU

Tuanze na mpira wa kikapu, kwa sababu huko kazi zimegawanywa waziwazi. Katika ligi ya Marekani inayoitwa NBA, kila timu ina watu watatu wakubwa.

Wa kwanza ni mwenye timu. Yeye, au yeye na wenzake, wameweka mtaji. Timu ikipata hasara, hasara ni yake.

Wa pili ni meneja mkuu. Huyu anachagua wachezaji, anapatana nao mshahara, anabadilishana wachezaji na timu nyingine, na mara nyingi ndiye anayemtafuta kocha.

Wa tatu ni kocha. Yeye anafundisha, na siku ya mechi anaamua nani aingie na nani akae benchi.

Ukisoma hivi utasema hakuna shida hapo. Lakini shida iko pale mipaka inapokutana. Tuseme meneja anamtaka mchezaji hodari ambaye ni ghali. Je, hilo ni jambo la mchezo au ni jambo la pesa? Ni yote mawili. Ligi hiyo imeweka kiwango cha mishahara, na timu ikipita kiwango fulani inatozwa kodi ya ziada. Meneja anaona ushindi. Mwenye timu anaona kodi. Hakuna aliye mjinga. Kila mmoja anatazama kutoka mahali alipoketi.

Hapa Kenya timu nyingi za kikapu zimekuwa za mashirika na waajiri: KPA ni ya bandari, Ulinzi ni ya jeshi, na Equity ni ya benki. Lakini mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2023 kampuni ya Twende Sports iliichukua timu ya Nairobi City Thunder, na mwaka 2025 timu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Kenya kufika ligi ya kikapu ya Afrika, BAL. Kwa hivyo swali la mwenye timu na meneja si la Wamarekani peke yao. Limeshafika mlangoni kwetu.

2. TIMU YA WENGI: GOR MAHIA NA LEOPARDS

Katika mpira wa miguu tumelijua swali hili zamani, ila kwetu mwenye timu si tajiri mmoja. Ni wanachama. Kwa sababu hiyo Gor Mahia na AFC Leopards wanafanana sana na vikundi vyetu kuliko timu yoyote ya Marekani.

Leopards walianza mwaka 1964 kama Abaluhya United. Gor Mahia ilianza mwaka 1968. Timu hizi mbili zilijengwa na watu wa kawaida waliotoa shilingi zao na kujaza viwanja. Nazo hazikuwaangusha. Leopards walichukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Gor wakachukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kuwashinda Espérance wa Tunisia. Wazee wengi wa hapa Kabiro bado wanakumbuka walikuwa wapi siku hiyo.

Halafu miaka ya ukame ikaja. Gor walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1995, na hawakuupata tena mpaka 2013. Hiyo ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ya ubingwa alikuwa tayari ana kitambulisho. Leopards waliuchukua mwaka 1998, na hadi msimu wa 2024/25 hawajaurudisha. Mwaka 2006 walishuka daraja kabisa, wakarudi ligi kuu mwaka 2009.

Sababu zilikuwa nyingi, na pesa ilikuwa moja. Lakini kila mpenzi wa timu hizi anajua neno lililokuwa kwenye gazeti karibu kila mwaka: mvutano. Uchaguzi unafanyika, upande mmoja unakataa matokeo. Ofisi moja inakuwa na viongozi wa makundi mawili. Kesi inaenda kortini. Wakati huo mchezaji hajui amdai nani mshahara, na mdhamini hajui ampe nani hundi.

Tunajifunza nini? Timu ikiwa ya watu wengi, ni rahisi kila mtu akajiita mwenye timu. Mwanachama anaingia mazoezini na kumwambia kocha amchezeshe fulani. Kiongozi aliyechaguliwa anasahau kwamba amepewa dhamana tu, anaanza kusema "timu yangu". Mali ya wote bila utaratibu huwa mali ya mwenye sauti kubwa.

Serikali iliona shida hii, ndiyo maana Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka Msajili wa Michezo pamoja na Baraza la kusikiliza kesi za michezo. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini baraza la kesi ni kama hospitali. Ni heri iwepo, lakini ni heri zaidi kutougua.

3. WANACHAMA NA TAJIRI: SIMBA YA DAR ES SALAAM

Sasa twende kwa jirani zetu Tanzania, ambako wamejaribu njia nyingine. Klabu ya Simba ilianzishwa mwaka 1936 na kwa miaka mingi ilikuwa ya wanachama kama Gor. Mwaka 2017 wanachama walikubali kubadilisha mfumo. Mfanyabiashara Mohammed Dewji, ambaye wengi wanamwita Mo, aliahidi kuweka shilingi bilioni 20 za Tanzania. Utaratibu ukawa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji apate asilimia 49. Ikaundwa bodi yenye watu wa pande zote mbili, na chini ya bodi akawekwa mtendaji mkuu, yaani yule tuliyemwita meneja.

Uwanjani mambo yalinyooka. Simba walichukua ubingwa wa Tanzania mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa hivyo tusiseme pesa ya tajiri ni mbaya. Pesa ikiwekewa utaratibu inafanya kazi.

Lakini tutazame kile kiti cha mtendaji mkuu. Senzo Mazingisa kutoka Afrika Kusini alikuja mwaka 2019, na Agosti 2020 akaondoka, tena akaenda kwa watani wao Yanga. Barbara Gonzalez akamfuata. Julai 2021 kutoelewana kati yake na msemaji wa klabu, Haji Manara, kulitoka nje hadharani. Manara akaondoka, na mwezi uliofuata naye akatokea Yanga. Septemba mwaka huo huo Mo aliacha uenyekiti wa bodi, ingawa alibaki mwekezaji. Desemba 2022 Gonzalez alitangaza kujiuzulu. Imani Kajula akaingia mwaka 2023, naye akaondoka mwaka 2024. Mwaka huo huo Mo alirudi kwenye uenyekiti, na mtendaji mpya, Francois Regis kutoka Rwanda, akaingia na kutoka kabla mwaka kuisha.

Hesabuni: watu wanne katika kiti kimoja kwa muda wa miaka kama mitano. Hatusemi nani alikosea, kwa maana kila aliyeondoka alikuwa na sababu zake. Wala hatusemi kwamba hiyo ndiyo iliyowaondolea ubingwa, kwa sababu Yanga nao walijijenga vizuri na kuuchukua mara nne kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Tunachosema ni hiki: kila mtu mpya anapoingia anaanza kujifunza upya. Mikataba aliyoijua mwenzake hajui. Mipango ya miaka mitatu inakuwa ya miezi minane.

Na kuna swali lingine ambalo mashabiki wa Simba waliuliza kwa miaka kadhaa: tajiri ana 49, sisi tuna 51, mbona tunaona yeye ndiye mwenye neno? Jibu ni rahisi hata kama ni gumu kumeza. Asilimia za karatasi ni kitu kimoja, na anayelipa mishahara ya mwezi huu ni kitu kingine. Kikundi kinachotegemea mfuko wa mtu mmoja kitamsikiliza mtu huyo, katiba iseme inavyosema. Gor na Leopards waliliona hilo kwa upande wa pili mwaka 2019, mdhamini wao mkubwa, SportPesa, alipositisha udhamini na klabu zikabaki mikono mitupu.

4. MAREKANI: HADITHI TATU FUPI

Mtu anaweza kusema, "Hiyo ni shida ya Waafrika, wenye pesa nyingi hawana mambo hayo." Kumbe wanayo. Tusome hadithi tatu za mpira wa kikapu.

Chicago. Timu ya Chicago Bulls ilikuwa na Michael Jordan, mchezaji aliyejulikana dunia nzima. Mwenye timu alikuwa Jerry Reinsdorf, meneja mkuu alikuwa Jerry Krause, na kocha alikuwa Phil Jackson. Walichukua ubingwa mara sita, 1991 hadi 1993, tena 1996 hadi 1998. Lakini meneja na kocha hawakupatana. Kabla ya msimu wa 1997/98 kuanza, meneja alitangaza kwamba huo ndio mwisho wa kocha huyo, hata akishinda. Wakashinda. Kocha akaondoka, Jordan akastaafu, na Scottie Pippen akapelekwa timu nyingine. Msimu uliofuata Bulls walishinda mechi 13 na kupoteza 37. Tangu 1998 hadi 2025 hawakuchukua ubingwa tena. Mwenye timu alikuwepo muda huo wote. Watu bado wanabishana kama angeweza kuwapatanisha. Sisi tunaona jambo moja: mwenye mali akinyamaza wakati watu wake wawili wanagombana, kunyamaza kwake pia ni uamuzi.

Los Angeles. Timu ya Lakers ilikuwa ya mzee Jerry Buss. Alipofariki mwaka 2013, watoto wake sita waliachiwa pamoja. Binti yake Jeanie akawa kiongozi wa timu, na kaka yake Jim akasimamia mambo ya mchezo pamoja na meneja Mitch Kupchak. Timu ikaanguka. Februari 2017 Jeanie aliwaondoa wote wawili, kaka na meneja, na akamleta Magic Johnson, mchezaji mkubwa wa zamani. Kaka zake wakajaribu kumtoa kwenye uongozi, jambo likafika kortini, na yeye akabaki. Miaka miwili baadaye, Aprili 2019, Magic mwenyewe alijiuzulu mbele ya waandishi wa habari kabla hata ya kumwambia Jeanie. Wenye biashara za familia wasome hapa mara mbili. Kumwondoa meneja ni kazi ngumu. Kumwondoa meneja ambaye ni ndugu yako ni kazi inayokufuata mpaka kwenye matanga na harusi.

Dallas. Mark Cuban alikuwa mwenye timu ya Mavericks kwa zaidi ya miaka 20. Desemba 2023 aliuza sehemu kubwa, akabaki na sehemu ndogo, akitumaini kwamba bado angekuwa na neno katika mambo ya mchezo. Haikuwa hivyo. Wenye timu wapya walimsikiliza meneja mkuu, Nico Harrison. Februari 2025 meneja huyo alimpeleka nyota wao Luka Doncic kwa Lakers, na Cuban hakuwa na la kufanya. Mashabiki walikasirika kwa miezi mingi, wakiimba uwanjani wakitaka meneja afutwe, na Novemba 2025 akafutwa. Lakini Doncic alikuwa ameshaenda. Kufutwa kwa meneja hakurudishi ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Pia kuna mfano mzuri. San Antonio si mji mkubwa kama Chicago wala Los Angeles, lakini timu yake ya Spurs ilichukua ubingwa mara tano: 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014. Muda huo wote kocha alikuwa Gregg Popovich, familia ya Holt ilikuwa miongoni mwa wenye timu, na kuanzia 2002 meneja alikuwa R.C. Buford. Watu walikaa mahali pao, kila mmoja akijua kazi yake, mwaka baada ya mwaka.

5. MZIZI WA UGOMVI UKO WAPI?

Tukiziweka hadithi hizi pamoja, tunaona mizizi minne.

Mzizi wa kwanza: mpaka haukuandikwa. Cuban alikuwa na matumaini. Wenzake walikuwa na hisa. Maneno ya mdomo hukumbukwa tofauti na kila aliyeyasikia.

Mzizi wa pili: sifa. Timu ikishinda, kila mmoja anataka isemwe ni yeye. Huko Chicago watu walikuwa na vikombe vya kutosha kugawana, lakini sifa haikutosha.

Mzizi wa tatu: milango mingi. Mchezaji anampigia mwenye timu simu usiku, akimruka kocha na meneja. Mwenye timu anapokea. Tangu siku hiyo meneja hana nguvu tena. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mzizi wa nne: hesabu haitolewi kwa wakati. Hapa tuwe wakweli kwa upande wa wasimamizi pia. Mwenye mali akikaa miezi minne bila kuona daftari, ataanza kuchungulia dirishani. Si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu hajui. Msimamizi anayelalamika kwamba anaingiliwa ajiulize kwanza: je, ripoti yangu ya mwezi jana iko wapi? Mali bila daftari huisha bila habari.

6. KARATASI MOJA YA MIPAKA

Sasa tufanye kazi. Chukueni karatasi, mchore mistari mpate sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: mambo ya wenye mali. Haya yaamuliwe na mkutano wa wanachama au kamati mliyoichagua. Kwa mfano: mradi huu ni wa nini, kununua au kuuza kitu kikubwa, kukopa pesa, kugawana faida, kumwajiri msimamizi na kumwachisha. Katika mambo haya msimamizi anaweza kutoa maoni, lakini hana kura.

Sehemu ya pili: mambo ya msimamizi. Saa za kufungua na kufunga, zamu za wafanyakazi, kupanga kazi ya kila siku, kununua vitu vidogo, kumkaripia anayechelewa. Katika mambo haya wanachama wanaweza kulalamika kwa kamati, lakini hakuna anayeruhusiwa kwenda kwenye mradi na kutoa amri. Hata mwenyekiti.

Sehemu ya tatu: mambo ya kushauriana. Hapa ndipo vita hutokea, kwa hivyo andikeni polepole. Bei ni ngapi? Matengenezo makubwa? Mshahara wa kibarua mpya? Kanuni iwe: msimamizi analeta pendekezo, kamati inajibu kwa siku mlizokubaliana. Andikeni siku zenyewe, mbili au saba. "Tutakujulisha" si jibu.

Chini ya sehemu hizo tatu andikeni mambo manne.

(a) Kiwango cha pesa. Msimamizi anaweza kutumia shilingi ngapi bila kuuliza? Kiwango kikiwa sifuri, hamna msimamizi, mna mtumwa wa simu. Kiwango kikikosa mwisho, hamna mali.

(b) Siku ya hesabu. Iwe tarehe ile ile kila mwezi. Ripoti iwe fupi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na shida iliyopo. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayekagua daftari.

(c) Mlango mmoja. Nani anazungumza na msimamizi kwa niaba ya kamati? Jina moja, na jina la pili kama wa kwanza hayupo.

(d) Namna ya kuachana. Watu wengi wanaona aibu kuandika jambo hili siku ya kuajiri, kama kuandika talaka siku ya harusi. Andikeni tu. Atapewa notisi ya muda gani? Funguo, daftari na vyombo atamkabidhi nani, mbele ya mashahidi gani? Na hili la siku hizi lisisahaulike: laini ya M-Pesa ya mradi imeandikishwa kwa jina la nani? Sahihi za benki ni za nani? Kikundi ambacho laini yake iko kwa jina la mtu mmoja kimempa mtu huyo timu nzima, bila kura.

Vikundi vinavyojiandikisha chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 vinatakiwa kuwa na katiba. Msiichukue katiba ya kikundi kingine mkabadilisha jina tu. Karatasi hii ya mipaka iingizwe ndani yake, au ishikanishwe nayo, na wote watie sahihi.

7. MFANO WA KUZUNGUMZIA: KIOSKI CHA MAJI

Mfano huu ni wa kufundishia tu.

Kikundi cha watu 20 kina kioski cha maji. Kimemweka msimamizi. Jumamosi asubuhi bomba linapasuka. Fundi anataka shilingi 3,500. Msimamizi anaruhusiwa kutumia 1,000 tu. Mwenyekiti amesafiri nyumbani kwa mazishi na simu haipatikani. Kioski kinafungwa siku tatu. Kina mama wanaenda kuteka mbali na kwa bei ya juu, na wengine hawarudi tena.

Mwenyekiti anaporudi anauliza kwa ukali, "Kwa nini hukutengeneza?" Msimamizi anajibu, "Mngesema nimekula pesa." Wote wawili wako sawa, na kikundi kimepata hasara.

Wiki iliyofuata mpwa wa mwenyekiti anakuja na mitungi minne. Anasema mjomba amesema achote bure. Msimamizi anakataa. Jioni kamati inaitwa, na ajenda ni "utovu wa nidhamu wa msimamizi". Mwanachama mmoja anaangalia daftari na kukuta kurasa za wiki mbili hazijaandikwa. Sasa hakuna anayezungumza juu ya bomba, wala juu ya mitungi minne. Wanazungumza juu ya wizi.

Angalieni jinsi jambo dogo lilivyokua. Mpwa mwenye mitungi ni sawa na mchezaji anayempigia mwenye timu simu usiku. Daftari lisiloandikwa ni silaha ambayo msimamizi amewapa adui zake. Na siku tatu za kiu zimeangukia kina mama ambao hawamo katika ugomvi wowote. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

8. MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika mfano wa kioski, kama karatasi ya mipaka ingekuwepo, ni lini ugomvi ungekomea? Kwenye bomba, kwenye mitungi, au kwenye daftari?

2. Je, msimamizi alifanya vizuri kumkatalia mpwa? Angefanyaje bila kumvunjia mwenyekiti heshima?

3. Gor Mahia walikaa miaka 18 bila ubingwa. Kikundi chetu kimepoteza muda gani kwa mivutano? Taja miezi, usitaje majina.

4. Kuna mtu mmoja ambaye akiondoa pesa zake leo, mradi wetu unaanguka? Kama yupo, tutapunguzaje utegemezi huo katika mwaka mmoja?

5. Msimamizi wetu akiamua kuondoka kesho, nani anajua funguo, laini ya simu na madeni ya wateja?

6. Wenye mali wakitoka nje kidogo: msimamizi asimulie mbele ya mtu mmoja anayeaminiwa ni jambo gani linamzuia kufanya kazi. Halafu msimamizi atoke, wenye mali waseme ni jambo gani wanalihofia. Yule anayeaminiwa alete maneno yote mawili mezani, bila kuongeza chumvi.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Andikeni karatasi yenu ya mipaka. Isizidi ukurasa mmoja. Isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, hata yule asiyejua kusoma. Wote watie sahihi au alama ya kidole, na nakala moja ikae kwa msimamizi, nyingine kwa katibu.

Baada ya miezi mitatu itoeni tena. Mahali mlipogombana patakuwa mahali ambapo mstari haukuchorwa vizuri. Uchoreni upya siku hiyo hiyo, wakati bado mnasalimiana.